Kidole cha Kumi

Lango la kiwanda cha Madeha, barabara ya Mpunguzi,
lilikuwa na mtu. Sasa lina kidude
cha ukubwa wa kipande cha sabuni,
chenye taa ya kijani kwa wanaojulikana
na nyekundu kwangu mimi.

"Jaribu tena," kinasema, kwa sauti ya binti
asiyewahi kuosha chupa.

Nimejaribu. Gumba limekataliwa.
Cha shahada kimekataliwa. Cha kati, cha pete,
vimepanga foleni vikarudi mikono mitupu
kama watu waliokosa majina yao
kwenye orodha ya mahindi ya njaa.
Miaka kumi na tisa ya magadi na maji ya moto
imefuta mistari niliyozaliwa nayo.
Chupa zilitoka zinang'aa.

Zamani Madeha alifika vumbi likiwa bado limelala.
"Mbukwenyi!" Nasi, mikono majini: "Mbukwa!"
Halafu alihesabu kwa masikio:
"Sechelela yuko wapi? Sijasikia kikohozi chake."
Nilipojifungua Hezroni alinipa debe la uwele
na siku ishirini, hakuandika popote.
Mwaka zabibu zilipooza kwa mvua
tulikaa miezi miwili bila mshahara,
nasi hatukuandika popote.
Tulidaiana kwa kumbukumbu.

Sisemi zamani ilikuwa asali.
Alimfukuza Ndahani kwa chupa tatu,
akamrudisha Jumatatu, chupa hazikutajwa tena.
Likizo yako ilitegemea yeye ameamkaje.
Sasa upo mkataba, kurasa nane, na bima,
na tarehe ishirini na tano simu inalia yenyewe
bila mtu kusimama mlangoni akikohoa kwa adabu.
Mkataba nimeukunja ndani ya kitenge cha harusi.
Naushukuru. Sijui tu
niuamkie vipi.

Mwezi wa tatu, mavuno yamepamba moto,
nilikatwa siku nne.
Kwa mujibu wa lango, sikuwepo.
Kwa mujibu wa mgongo wangu, nilikuwepo.

Nikapanda ofisini. Yunisi, bintiye,
niliyembeba mgongoni wakati mama yake akipima sukari ya zabibu,
aliinua macho kutoka kwenye kompyuta:
"Mama, mfumo hauna ubaya na mtu."
Ni kweli. Ndiyo maana
nilikuja kwa mtu.

Halafu ile asubuhi ya Alhamisi
Madeha mwenyewe alisimama mbele yangu kwenye foleni,
akabandika gumba lake,
lile lililoshika jembe mizabibu ya kwanza ikipandwa.
Nyekundu.
"Jaribu tena."
Akajaribu. Akapangusa kidole kwenye koti. Nyekundu.
Akanigeukia. Kicheko kikatufika wote wawili mpaka kooni,
nikasema moyoni: sasa atauliza kikohozi.

Akatoa ufunguo mfukoni.
Akaingia kwa mlango mdogo wa pembeni,
akauacha wazi kwa muda wa pumzi moja.
Kisha upepo, au mkono, sikuona vizuri,
ukaufunga.

Wiki iliyofuata fundi alikuja kutoka mjini na mkoba.
Alinijaribu kidole kwa kidole, kwa upole,
kama anayetafuta chupa isiyo na ufa,
mpaka cha kumi, kidogo cha mkono wa kushoto.
Kijani.
"Karibu, Sechelela."
Fundi alifurahi kuliko mimi.

Basi kila asubuhi nakitanguliza hicho,
kidogo, kilegevu,
kisichowahi kushika brashi sawasawa,
kiingie kwa jina langu.
Vile tisa vilivyofanya kazi
vinafuata nyuma, kimya,
kama wageni wake.